Mwanangu alizaliwa na kitanzi, ila hakukishika

Dada uliyeuliza kama ile picha ya kichanga kashika kitanzi cha uzazi wa mpango ni ya kweli, na kama ukatoe chako kabla "hakijapanda moyoni" kama jirani alivyokutisha, mimi ni mmoja wa wale wachache walioshika mimba kitanzi kikiwa ndani. Ngoja nikueleze.

Niliwekewa kile cha shaba, chenye umbo la T. Mwaka wa pili nikakosa siku zangu. Nikanunua kipimo duka la dawa, mistari miwili. Nikanunua kingine, vile vile. Zahanati ya kwanza wakanijibu haiwezekani, mwenye kitanzi hashiki mimba, nikarudishwa nyumbani na dawa za UTI. Hilo linaniuma mpaka leo. Katika wanawake 100 wenye kitanzi cha shaba, wanaopata mimba mwaka wa kwanza hawafiki hata mmoja, lakini wapo. Na akipata, jambo la kwanza ni kujua mimba imetunga wapi, kwa sababu ikitokea kitanzi kipo, hatari ya kuwa nje ya kizazi ni kubwa kuliko mimba nyingine. Watu wakisikia hivyo wanasema kitanzi ndicho kinacholeta mimba za nje. Sivyo. Mwenye kitanzi hupata mimba hizo mara chache kuliko asiyetumia chochote, kwa kuwa mimba kwa ujumla hashiki ovyo.

Hospitali ya pili wakanipiga ultrasaundi: imo ndani ya kizazi. Daktari akatafuta nyuzi za kitanzi, zile zinazoning'inia ukeni, ili akivute mapema, maana kukiacha kunaongeza hatari ya mimba kuharibika, maambukizi, na kujifungua kabla ya siku. Nyuzi hazikuonekana, zilishapanda juu. Basi kikabaki, nikaambiwa nikiona homa, damu au maji, nisisubiri kupambazuke.

Nilijifungua wiki ya 36. Mkunga alipolikagua kondo la nyuma akaniita nitazame: kitanzi kimenata kwenye utando, upande wa nje. Mtoto huwa ndani ya mfuko wa maji, kitanzi kiko nje ya mfuko. Angekishikaje? Hata ile picha iliyozagaa mwaka 2017 kutoka Alabama, Marekani, kitanzi kilikutwa nyuma ya kondo, mtoto akawekewa mkononi ndipo akapigwa picha.

Jioni mama mkwe akaja wodini. Hajanisalimia, akachukua ngumi ya mtoto akaikunjua kidole kimoja kimoja, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Nikamwambia, "Mama, kilitoka na kondo." Akaguna: "Basi alikiachia."

Hili la moyoni halina njia. Kizazi ni mfuko wa misuli, hakina mlango wa kwenda kifuani. Kinachoweza kutokea, tena kwa nadra, ni kitanzi kutoboa ukuta wa kizazi, hasa wakati wa kuwekwa, kikaingia tumboni. La kawaida zaidi ni kutoka chenyewe bila mwenyewe kujua, miezi ya mwanzo hasa, kikaondoka na damu ya hedhi. Wengi wanaosema "kitanzi kilinisaliti" hawakuwa nacho tena. Nawa mikono, chuchumaa, ingiza kidole uguse nyuzi baada ya hedhi; usizivute. Ukizikosa, au ukigusa kitu kigumu cha plastiki, tumia kondomu mpaka ukaonwe.

Kwa hiyo chako, angalia kadi. Vya shaba vingi ni vya miaka 10. Kama tarehe haijafika na nyuzi unazigusa, mwache jirani na moyo wake.

Mimi baada ya huyo wa tatu niliwekewa kingine cha shaba, sasa kina miaka minne. Mawifi wanaamini nimerogwa.