Mwanangu mwenye usonji halali usiku, nimemdekeza?

SWALI: Habari dada, mwanangu ana miaka 6 ana usonji, kila siku saa nane usiku anaamka anawasha taa anapanga vizibo vya soda mstari mmoja kando ya ukuta mpaka adhana ya alfajiri, halafu shule anasinzia. Mama mkwe anasema nimemdekeza, jirani kaniambia nimpe dawa ya mafua alale. Nimechoka jamani. Mama Idi, Tanga

JIBU: Pole sana Mama Idi, na hilo la kudekeza litoe kabisa kichwani. Watoto wenye usonji zaidi ya nusu wana shida ya usingizi na kwa baadhi yao chanzo kimo kwenye jeni. Ndani ya ubongo tuna saa, inaendeshwa na jeni kama PER na CLOCK zinazofanya kazi kwa mzunguko wa karibu saa 24, giza likiingia hiyo saa inaiamuru tezi itoe melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba usiku umefika. Sasa mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Pasteur kule Ufaransa waliichunguza jeni ya ASMT, ndo inayomalizia kutengeneza melatonini, wakakuta baadhi ya watu wenye usonji jeni hiyo ina hitilafu na melatonini yao iko chini. Sio wote, ila Idi akikaa macho saa nane msimuite mkaidi, huenda mwili wake hauoni kama ni usiku.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo taa, maana mwanga unaikata hata ile melatonini kidogo aliyonayo. Weka balbu hafifu ya njano, vizibo vifungie kabatini jioni, simu na tivii zizimwe mapema, na asubuhi hata kama hakulala muamshe saa ile ile umtoe nje apate jua.

Dawa ya mafua achana nayo kabisa, kuna watoto inawachangamsha badala ya kuwalaza. Melatonini ya vidonge ipo na inawasaidia wengi kupata usingizi haraka, ila usinunue mwenyewe, daktari aangalie kwanza kama hana choo kigumu, kiungulia, kifafa au upungufu wa madini ya chuma, maana hivyo navyo vinaamsha mtoto. Chukua daftari, wiki mbili andika kalala saa ngapi kaamka saa ngapi, uende nalo kliniki, na mama mkwe nenda naye.