Yeye aliomba bongo tu: majibu ya maswali yenu

Juma lililopita niliandika kuhusu Julius Hallervorden, Mjerumani aliyechunguza bongo za watu waliouawa na utawala wa Hitler. Simu yangu haijapumzika tangu siku ile. Nayajibu machache.

Dokta, profesa wetu alitufundisha "ugonjwa wa Hallervorden-Spatz". Kwenye intaneti naona PKAN. Ni kitu kimoja? (Mwanafunzi, Kampemba)

Ni kilekile, mwanangu. Mwaka 1922 Hallervorden na mwenzake Hugo Spatz waliueleza baada ya kuuona kwa dada watano wa familia moja. Madini ya chuma hujazana ndani ya ubongo, viungo vinajikunja na kukakamaa, mtoto anashindwa kutembea, na maneno nayo yanamtoka kwa shida. Jeni yake, PANK2, ilipatikana mwaka 2001, na wengi wakapata sababu ya kuachana na jina la zamani. Andika PKAN, jina linalotokana na jeni hiyo. Lile lingine lijue tu, maana vitabu vingi vya maktaba zetu vimekuzidi umri.

Mukubwa, unamhukumu mzee wa watu. Yeye alimuua nani? (Baba mmoja, Katuba)

Sikuandika kwamba aliua kwa mkono wake, baba. Kati ya Januari 1940 na Agosti 1941, wagonjwa wa akili na walemavu zaidi ya 70,000 walitolewa hospitalini wakauawa kwa gesi. Watoto nao waliuawa. Hallervorden alikuwa mkuu wa idara katika Taasisi ya Kaiser Wilhelm ya utafiti wa ubongo, Berlin-Buch, na habari zilimfikia. Mwaka 1945 alihojiwa na Leo Alexander, daktari aliyetumwa na jeshi la Marekani, naye, kwa ripoti ya Alexander, akasimulia bila kificho: aliwaendea wahusika akawaambia kama mtawaua hawa wote, basi toeni angalau bongo, zisipotee bure. Wakamuuliza anaweza kuchunguza ngapi. Akajibu kadiri zitakavyokuwa nyingi ndivyo vizuri, akawapa na mitungi, dawa na masanduku. Zilikotoka, alisema, hazikumhusu. Alipata karibu 700.

Hapa Lubumbashi tunamjua mnunuzi wa nyaya za shaba zinazokatwa usiku. Hapandi nguzo. Amekaa uani kwake na mzani. Mtaa wako ukilala gizani wiki tatu, huyo utamwita mzee wa watu? Na Hallervorden aligawa hadi magunia.

Alifungwa miaka mingapi? (Ruashi)

Hata siku moja. Taasisi ikabadilishwa jina ikawa ya Max Planck, naye akaendelea na kazi. Madaktari wa Uholanzi walipinga asishiriki kongamano la Lisbon mwaka 1953, nawapongeza. Alifia Frankfurt mwaka 1965.

Mimi ni muuguzi. Kama watu walishakufa, si afadhali bongo zao zifundishe? (mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Zilifundisha kweli, kwa miongo kadhaa, na mimi nilipokuwa mwanafunzi sikuwahi kuuliza picha za kitabuni zimetoka kwa nani. Lakini wewe dada, wodini humtoi mtu hata damu bila kumwambia. Wale hakuna aliyewauliza, na wazazi wao waliandikiwa barua za uongo kuhusu kifo cha mtoto. Vipande vya bongo za wakati ule vilizikwa Munich mwaka 1990. Baadaye vingine vikagunduliwa, ikaanza kazi ya kutafuta majina ya wenyewe. Kazi hiyo ingefanywa mapema kama madaktari wangeuliza swali lako kinyume: kabla hazijafundisha, ni za nani?

Hayo ni mambo ya Wazungu. Yanatuhusu nini? (Kamalondo)

Panda hadi Marungu, kando ya ziwa Tanganyika, uulize habari za chifu Lusinga. Mwaka 1884 watu wa Émile Storms, afisa Mbelgiji, walimkata kichwa. Lusinga hakuwa malaika, aliuza watumwa. Lakini fuvu lake lilisafirishwa hadi Ulaya, wataalamu wa Brussels wakalipima na kuandika maoni yao kuhusu sisi sote, kisha likawekwa kabatini. Mwaka 1964 likahamishiwa taasisi ya sayansi asilia, mji uleule. Ukoo wake ukitaka kulitazama, waanze na kuomba viza.