Kabla ya kulipia kitu cha kale nje ya nchi, soma karatasi zake

Ndugu mleta uzi, umetaja kabati unalotaka kulinunua mnadani na umeuliza mambo matatu. Unataka kujua hati zinazohitajika mtu anaponunua samani, saa na vyombo vya kauri vya kale kwenye minada ya nchi moja na kuvipeleka kuviuza katika nchi nyingine; unataka kujua ushuru wake unavyokokotolewa; na unauliza kama ni busara kumkubalia muuzaji aliyejitolea kukuandikia ankara yenye bei pungufu ili upate nafuu forodhani. Nimefanya biashara hii kwa miaka mingi, mwanzoni nikiwanunulia wengine kwa kamisheni na baadaye kwa mtaji wangu mwenyewe. Nitaanza na swali la mwisho, kwa kuwa jibu lake linafungua hayo mengine mawili.

Mkatalie. Kutangaza bei ya uongo ni kosa na mzigo unaweza kutaifishwa, lakini hata tukiiweka sheria kando, hesabu yenyewe haikulipi. Marekani, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hazitozi ushuru wa kawaida wa forodha kwa kitu kilichothibitishwa kuwa na umri unaozidi miaka 100, na Uingereza hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 tu wakati wa kukiingiza, badala ya asilimia 20 inayotozwa bidhaa nyingi. (Ushuru wa ziada unaowekwa kwa sababu za kisiasa ni jambo jingine na hubadilika haraka, kwa hiyo muulize wakala wako wa forodha kila unapoagiza.) Unachookoa kwa kudanganya bei ni kidogo. Unachopoteza ni hiki: kontena likipata ajali, bima itakulipa kwa kufuata ankara, ukiuza, faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo na utalipia kodi fedha ambayo hukuipata, na mnunuzi makini akikuuliza kitu ulikipataje, utamwonyesha hati ambayo wewe mwenyewe unajua si ya kweli. Hilo la mwisho wageni wa biashara hii hawalioni. Ankara ya bidhaa nyingine humaliza kazi yake mapema, lakini ankara ya kitu cha kale huwa sehemu ya kitu chenyewe, hupita nacho mkono hadi mkono, na miaka thelathini baadaye atatokea mtu wa kuisoma akitafuta dosari.

Sasa ushuru. Forodha za nchi nyingi hutumia mfumo mmoja wa namba za bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, na vitu vya kale vimo katika sura ya 97, kifungu 9706, kinachohusu vitu vyenye umri unaozidi miaka 100. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, vile vinavyozidi miaka 250 vina namba yao ndani ya kifungu hicho. Michoro na sanamu halisi za wasanii zina vifungu vingine katika sura hiyohiyo, hata zikiwa mpya. Zingatia kwamba mpaka wa miaka 100 husogea kila mwaka. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1930 haikuwa hivyo; ilisamehe vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1830, tarehe iliyosimama palepale hadi kigezo cha miaka 100 kilipowekwa mwaka 1966. Kwa kuwa mpaka unasogea, vitu vya mtindo uliopata umaarufu kwenye maonyesho ya sanaa za mapambo ya Paris ya mwaka 1925 vimeanza kuuvuka kimoja baada ya kingine, na kiti kilichohesabiwa kuwa samani ya kawaida miaka michache iliyopita kinaweza leo kuingia kama kitu cha kale, mradi mwaka wake unathibitika.

Kuthibitisha ndiko kwenye kazi. Maneno "cha zamani sana" hayamsaidii ofisa wa forodha hata kidogo. Maelezo yako yaseme ni kitu gani, kimetengenezwa kwa malighafi gani, wapi, karibu mwaka gani, na umejuaje. Mimi huambatanisha picha za nyuma na za chini ya kitu, kwa sababu fundi hung'arisha upande wa mbele, lakini ni wachache wanaojisumbua kughushi sehemu ya chini ya droo. Msumeno wa mviringo ulienea katika karne ya 19, kwa hiyo kabati linalodaiwa kuwa la karne ya 17 huku mbao zake za ndani zina mikwaruzo ya upinde linapaswa kujibu maswali. Skrubu zenye ncha zilizotengenezwa kwa mashine ni za katikati ya karne ya 19 na kuendelea. Kwa upande wa kauri, forodha yenyewe imetuachia kipimo: sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, inayojulikana kwa jina la McKinley, iliagiza bidhaa za kigeni zipigwe chapa ya nchi zilikotoka, na ikaanza kutekelezwa mwaka 1891. Vyombo vya Japani vilivyopelekwa soko hilo vikawa vinaandikwa "Nippon" (jina la Japani kwa Kijapani) hadi mwaka 1921, Wamarekani walipotaka iandikwe "Japan". Chapa halisi ya Nippon, basi, imeshavuka miaka 100, ingawa imeigwa mno na sijawahi kuiamini ikiwa peke yake. Matengenezo hayakiondolei kitu hadhi yake iwapo kimebaki na sura yake ya asili, lakini meza iliyoundwa mwaka jana kwa mbao za mlango wa kale ni meza mpya, na muuzaji akikuambia vinginevyo mwache.

Umri ukithibitika, uliza kitu kimetengenezwa kwa nini, kwa sababu hapo nimeona fedha nyingi zikipotea kuliko zinazopotea baharini. Mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, unadhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini pamoja na vitu vilivyotengenezwa kutokana nao. Pembe za ndovu, pembe za kifaru, ng'amba (gamba la kasa), hata mbao za mti wa Dalbergia nigra wa Brazili ulioingizwa katika orodha kali zaidi mwaka 1992, vyote vimo. Tatizo ni kwamba vitu hivi hujificha. Utavikuta kwenye vipambo vya matundu ya ufunguo, kwenye vitufe vya piano, na kwenye vipande vyembamba vilivyopachikwa katika mkono wa birika la fedha ili joto lisimfikie anayemimina.

Mteja mmoja alinikabidhi kazi ya kumsafirishia kabati la kuandikia alilolinunua mnadani, ambalo katalogi ilisema lina "mapambo ya mfupa". Nililikagua kwa lenzi kabla ya kulifunga. Mfupa huonyesha vitundu na vistari vidogo vyeusi palipopita mishipa ya damu. Vipambo vile havikuwa navyo, na badala yake vilikuwa na mistari myembamba iliyokatana kwa mshazari. Ilikuwa pembe ya ndovu. Nyumba ya mnada ilijitetea kwamba masharti yake yalimpa mnunuzi nafasi ya kukagua kabla ya kutoa bei, na kwa maandishi ya masharti hayo ilikuwa na haki. Kabati halikusafiri. Liliuzwa hukohuko baada ya kusajiliwa, kwa hasara, lakini lingefika bandari ya pili bila kibali lingechukuliwa lote, siyo vipambo tu.

Usidhani pia kwamba miaka 100 inatosha katika suala hili, maana kila sheria ina tarehe yake. Sheria ya Pembe za Ndovu ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa Juni 2022, imepiga marufuku kuuza vitu vyenye pembe isipokuwa makundi machache, kwa mfano kitu cha kabla ya mwaka 1947 ambacho pembe haifikii asilimia 10 ya ujazo wake, au ala ya muziki ya kabla ya mwaka 1975 ambayo pembe haifikii asilimia 20, na bado lazima kisajiliwe kwanza. China ilifunga soko lake la pembe mwishoni mwa mwaka 2017. Kibali cha CITES huombwa kabla mzigo haujaondoka. Ukikiomba baadaye umechelewa.

Kisha kuna kibali cha nchi ambayo kitu kinatoka, ambacho wanunuzi wengi hukisahau kwa kuwa macho yao yako kwenye bandari ya kupokea. India, kwa sheria ya mwaka 1972, haimruhusu mtu binafsi kusafirisha nje kitu cha kale kilichozidi miaka 100, na kwa miswada ya mkono kiwango ni miaka 75. Misri ilikomesha biashara ya mambo ya kale kwa sheria ya mwaka 1983. Uingereza ina kamati inayopitia vitu vya thamani ya kitaifa na inaweza kuchelewesha leseni ili taasisi ya ndani ipate nafasi ya kukinunua kitu hicho. Usishangae, basi, ukishinda mnada halafu ukasubiri miezi.

Kuwa na kibali pia hakutoshi. Ni lazima ukisome. Mwaka 2017 makumbusho ya Metropolitan ya New York yalinunua jeneza lililopambwa kwa dhahabu la kuhani wa Misri ya kale, Nedjemankh, likiwa na kibali cha kutoka Misri cha mwaka 1971. Kibali kilikuwa cha kughushi. Jeneza lilikuwa limeporwa mwaka 2011, na lilirudishwa Misri mwaka 2019. Miongoni mwa kasoro zilizokuwa wazi, hati ya Mei 1971 ilikuwa na muhuri wa Jamhuri ya Kiarabu ya Misri, wakati nchi hiyo ilianza kutumia jina hilo Septemba mwaka huohuo. Kabla ya hapo ilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. Kama taasisi yenye wataalamu wa kiwango kile ilipitwa na jambo hilo, wewe na mimi tunapaswa kusoma mihuri polepole zaidi.

Mwaka 1970 utausikia mara kwa mara, kwa kuwa ndio mwaka wa mkataba wa UNESCO dhidi ya uingizaji na utoaji haramu wa mali za kitamaduni, na makumbusho mengi hayagusi kitu cha kiakiolojia kisichoonyesha kilikuwa wapi kufikia mwaka huo. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi kwa kanuni yake namba 880 ya mwaka 2019: tangu 28 Juni 2025, vitu vya kiakiolojia vilivyotoka nje ya Umoja na kuzidi miaka 250 vinahitaji leseni ya kuingizwa bila kujali bei, na aina nyingine nyingi zinazozidi miaka 200 na thamani ya euro 18,000 au zaidi zinahitaji tamko la mwagizaji, yaani wewe unatia saini kwamba kitu kilitoka kihalali. Rudi sasa kwenye ile ankara ya bei pungufu: ikikishusha kitu chini ya kiwango hicho, umeacha kukwepa kodi na umeanza kukwepa udhibiti wa mali za kitamaduni, kesi ambayo ni nzito zaidi. Kwa vitu vya Iraki na Syria usijaribu kabisa bila hati za zamani zisizo na shaka. Maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa namba 1483 la mwaka 2003 na 2199 la mwaka 2015 yanahusu hasa vitu hivyo.

Usafirishaji wenyewe nitaugusia kwa kifupi. Usinunue kwa masharti ya EXW, yaani muuzaji anakukabidhi mzigo mlangoni kwake, ukiwa mgeni katika nchi hiyo, kwa sababu shughuli ya kibali cha kutoka itakuwa yako. Mtake muuzaji aifanye yeye. Ukinunua kwa CIF, yaani bei inayojumuisha kitu, bima na nauli ya meli, fahamu kwamba muuzaji analazimika kukukatia bima ya kiwango cha chini tu, ambayo hailipi wizi wala kitu kilichovunjika wakati wa kupakuliwa, kwa hiyo kata bima yako kamili. Bima hiyo pia itakuokoa mwenye meli akitangaza hasara ya pamoja, kama ilivyotokea kwa meli ya Ever Given iliyokwama Suez Machi 2021: kila mwenye shehena huchangia gharama za kuiokoa meli, hata kama mzigo wake haukupata mkwaruzo, na hakabidhiwi mpaka atoe dhamana. Masanduku ya mbao yawe na muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha kuzuia wadudu katika mbao za kufungashia, unaoonyesha kwamba mbao zilipashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 au kufukizwa dawa, na hakikisha hilo linafanyika kabla kitu hakijawekwa ndani, maana gundi ya wanyama iliyoshika samani za kale haistahimili joto wala unyevu wa ghafla.

Kwa hao wa mnada wenye kabati lako, kabla hujatoa bei waandikie barua pepe uwaombe majibu ya maandishi: kuna pembe, ng'amba au mbao zinazodhibitiwa; kitu kilikuwa mikononi mwa nani kabla yao; nani ataomba kibali cha kutoka; na ada ya mnunuzi ni asilimia ngapi, kwa sababu inaweza kufikia robo ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotolewa mnadani, au hata zaidi ya robo hiyo. Mpelekee wakala wako wa forodha majibu hayo siku hiyohiyo. Ukipenda, weka hapa maelezo ya katalogi na picha za chini ya droo za lile kabati unalolitaka, ukificha jina la muuzaji, nitakuambia ninachokiona.