Komredi, unajipima na nani?

Tangu mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu nchini Kenya uanze mwaka 2023, wanafunzi wamepata swali jipya la kuulizana: "Wewe uko bendi gani?" Serikali inapima uwezo wa nyumbani kwenu, inakupanga kati ya bendi 1 na 5, mambo ya ada yanafuata hapo. Ila kuna upangaji mwingine ambao kila mtu hujifanyia mwenyewe, akipitia stetasi za WhatsApp usiku, na huo ndio unaonyima watu raha.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Nancy Adler, pamoja na wenzake walitumia ngazi ya kuchora yenye vipandio 10. Juu kabisa wako wenye pesa, elimu na kazi za heshima. Chini wasio navyo. Unaweka alama pale unapojiona. Katika utafiti wao wa mwaka 2000 uliohusu wanawake, kipandio ambacho mtu alijipa kilihusiana zaidi na afya yake, hata na muda anaochukua kupata usingizi, kuliko mapato na elimu yake halisi. Bila shaka aliyevunjika moyo naye hujiona mdogo, kwa hiyo haya mawili husukumana.

Nilipokuwa chuoni nilikaa hosteli moja Ngara na jamaa kutoka Kitui. Kwao alichangiwa harambee, akaagwa kwa mbuzi. Alipofika Nairobi mfuko ulikuwa uleule, ila sasa alikaa darasani na watoto wanaoletwa kwa gari. Kwenye diskasheni aliilaza simu kifudifudi ili kioo kilichopasuka kisionekane. Wenzake wakienda kula mjini, yeye "ameshiba", kisha namkuta chumbani na chai ya rangi. Helb, mkopo wa serikali wa wanafunzi, ilipoingia alinunua raba. Kufikia katikati ya muhula, mamake akimtumia mia tano, mkopo wa simu unajikata kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa mdomo: taja bei mapema. "Nimesota, mimi nina mia moja, twende kibandani." Mara ya kwanza ulimi unakuwa mzito. Mimi nilipoanza kusema hivyo, nusu ya kikundi walishusha pumzi, maana nao walikuwa wamesota. Tukahamia chapo madondo bila mkutano.

Helb ikiingia, lipa kodi na ununue unga kabla hujapokea simu ya mtu yeyote. Stetasi zinazokuchoma, zinyamazishe, mwenyewe hataarifiwa. Halafu tafuta mahali unapohitajika: kwaya, timu ya mpira, hata kumfundisha jirani hesabu. Huko watu watakuuliza mbona jana hukuja, si viatu umenunua wapi. (Raba za mitumba za Gikomba, kwa taarifa yenu, hakuna anayezitambua.)

Lakini kama wiki zinapita hulali, chakula hakina ladha na madarasa umeyaacha, hilo kwaya haitatibu. Nenda kwa mshauri nasaha wa chuo. Wengi huogopa kuonekana mlangoni, basi nenda asubuhi, wenzako wakiwa kwenye lekcha. Usipoweza kutoka chumbani, piga 1199, laini ya ushauri ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Haikati kredo.