Masafa ni mita au ni hertz?

Swali la msomaji: "Redioni nasikia 'tupo masafa ya 100 FM', wengine wanasema 'masafa mafupi, mita 31'. Masafa ndo urefu wa wimbi au ni idadi ya mawimbi kwa sekunde? Maana fizikia inasema kimoja kikipanda kingine kinashuka."

Lazima uchanganyikiwe, maana neno moja tumelibebesha vitu viwili, tena vinavyopishana. Masafa asili yake Kiarabu na maana yake umbali, ndo maana tunasema mbio za masafa marefu. Kwa hiyo kwenye "masafa mafupi, mita 31" limekaa pale pale panapolifaa, mita 31 ni umbali kutoka kilele cha wimbi hadi kilele cha wimbi linalofuata. Lakini kwenye "masafa ya 100 FM" hakuna umbali wowote, hiyo 100 ni megahertz, yaani mawimbi milioni 100 yanapita kila sekunde, na hapo mimi napendelea neno marudio.

Ukipata redio ya zamani ile ya kuzungusha, angalia kioo chake upande wa SW, yaani masafa mafupi. Nyingi zina mistari miwili ya namba, wa megahertz unapanda 6, 9.5, 12 na wa mita unashuka 49, 31, 25. Sasa zidisha kila namba na mwenzake, zote zinakuja karibu na 300, na sababu ni kwamba mawimbi yote ya redio yanakwenda kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000, yaani mita milioni 300, kwa sekunde, na kasi ni marudio mara urefu wa wimbi. Kasi haibadiliki, basi marudio yakiongezeka lazima wimbi lifupike. Kwa hesabu hiyo 100 FM ni wimbi la mita 3 tu, yaani fupi kuliko hayo tunayoyaita masafa mafupi! Jina hilo lilitokana na kulinganishwa na masafa ya kati na marefu, FM haikuwa kwenye hesabu. Na wanaodhani "mafupi" ni kutofika mbali wanakosea, hayo ndo yanavuka mabara kwa kudunda kwenye tabaka la juu la angahewa.

Kosa linaloniuma zaidi ni kusema "wimbi lenye kasi kubwa" kwa maana ya marudio mengi. Stesheni ya 9.5 na ya 100 mawimbi yao yanakimbia sawasawa, kinachotofautiana ni marudio.

Redioni endeleeni tu na masafa, limeshazoeleka na halimdhuru mtu, ila kwenye hesabu andika marudio, urefu wa wimbi na kasi, kila kimoja na jina lake. Halafu hilo urefu nalo lina mtego, kwetu urefu ni wa kulala na wa kusimama pia, ukimwambia mtu "wimbi refu" anaona la baharini limenyanyuka juu. La kusimama liite kimo.