Gari linalogoma leo, kesho linawaka: kwa fundi anayeanza

Mdogo wangu uliyeingia gereji juzi, gari lisilowaka kabisa lisikutishe. Hilo limeshalala, utalipima asubuhi mpaka jioni wala halikukimbii. Kazi iko kwa lile ambalo mwenyewe anakwambia, "Fundi, jana limenigomea mara tatu," halafu wewe ukigeuza ufunguo linawaka hapo hapo. Hapo ndipo vijana wengi wanaanza kubahatisha, na gharama ya kubahatisha inabebwa na mwenye gari.

Mimi pia nilibahatisha. Kuna mama alikuwa ananunua samaki Feri, Dar es Salaam, anafika alfajiri na kuondoka kabla jua halijapanda. Gari lake lilikuwa linamgomea siku moja moja. Alipolileta kwangu likawaka. Nikamwambia betri imechoka, akanunua mpya. Wiki haikuisha, karudi. Nikasugua terminali, nikakaza, nikamruhusu. Aliporudi mara ya tatu alikuwa amekaa na samaki juani mpaka saa nne, na sehemu ya mzigo imeharibika. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Baba, ugonjwa wake unaujua au huujui?"

Nilimwomba aniachie gari. Nikamweka kijana kwenye usukani, mimi nikainama na mita, tukawa tunaliwasha na kulizima, tunaliacha kidogo, tunarudi. Mara ya kumi na kitu likafanya "tak", kimya. Nikamwambia asiachie ufunguo. Kwenye waya mnene wa stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, mita ilisoma volti 12 na ushei. Kwenye ule waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, zaidi ya 11. Maana yake umeme wote unafika na stata haizunguki. Tukaishusha. Ndani ya solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, kuna vipande viwili vya shaba, na kipo kisahani kinachovigonga kuunganisha njia ya mota. Kipande kimoja kilikuwa kimelika upande mmoja, kimebaki chembamba kama kucha, cheusi. Siku kisahani kikigusa palipobaki shaba, gari linawaka. Siku kikigusa palipoliwa, ni "tak" tu. Stata za gari nyingi za Kijapani zinaisha hivyo, na vipande hivyo vinauzwa peke yake kwenye maduka ya spea. Betri yake ya mwanzo ilikuwa nzima. Nilimrudishia pesa yote ya ufundi wa mara mbili za kwanza, na ilikuwa haki yake.

Kwa hiyo gari la namna hii likija, acha spana kwanza, kaa na mwenye gari umuulize. Linagoma likiwa baridi au likitoka safari? Baada ya mvua? Likilala siku mbili bila kutembea? Taa za dashibodi zinakuwaje wakati huo? Na swali kubwa kuliko yote: stata inazunguka au haizunguki? Wateja wengi husema "haliwaki" kwa yote mawili, na hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Mwambie akuigizie sauti kwa mdomo. Usione aibu kumwambia, anajua sauti ya gari lake kuliko wewe.

Kama stata haizunguki, washa taa kubwa kisha mtu apige stata, wewe simama mbele utazame. Taa zikififia mpaka kama zinazima, umeme hautoshi: betri ni dhaifu, au terminali imelegea, au stata imekwama inavuta kupita kiasi. Taa zikibaki vile vile, umeme upo ila hauendi unakotakiwa; fuata waya mwembamba, rilei (swichi ndogo inayowashwa na umeme), na swichi ya gia, ile inayozuia stata gari likiwa kwenye gia. Kwa gari la otomatiki jaribu kulitoa P ulipeleke N. Likiwaka kwenye N, umeshajua pa kuanzia.

Betri ipime ikiwa imepumzika. Iliyojaa inasoma kama 12.6; ikiwa 12.0 karibu imekwisha. Lakini namba ya kupumzika peke yake inadanganya, kwa hiyo iangalie tena wakati stata inazunguka: ikishuka chini ya 9.6, ichaji kwanza kisha uipime upya. Injini ikiwaka unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo, huenda altaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji vizuri, na utauza betri kila baada ya miezi michache.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari, wengi wanaisahau, na huku pwani upepo wa chumvi unaila kimya kimya. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, siyo kwenye terminali, ncha nyingine kwenye chuma cha injini, piga stata. Ikizidi nusu volti, kuna kutu njiani. Fungua mkanda wa waya wa ethi, sugua mpaka chuma king'ae, rudisha. Ukifungua betri anza na hasi kila mara. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itapiga cheche, na juu ya betri kunaweza kuwa na gesi inayolipuka.

Gari linalokufa likilala siku mbili lina kitu kinachokunywa umeme. Unganisha mita ya ampea katikati ya hasi na waya wake, funga milango, subiri mpaka nusu saa kompyuta zilale. Ikibaki juu ya 0.05, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Na usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Stata ikizunguka vizuri na injini haishiki, tafuta cheche na mafuta. Ukifungua swichi sikiliza pampu upande wa tangi, ila usiihukumu haraka, kwa sababu gari nyingine pampu haianzi mpaka stata izunguke. Ikiwa kimya hata stata ikizunguka, gonga tangi kidogo kwa nyundo ya mpira. Gari likiwaka baada ya kugonga, pampu ndiyo inakufa. Lile linalogoma likiwa la moto na kuwaka likipoa, mimi naanza na sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Tazama mshale wa RPM, yaani wa mizunguko ya injini, wakati stata inazunguka. Kwenye gari nyingi ukilala sifuri bila kutikisika, sensa haisemi kitu na kompyuta haitoi cheche.

Ukishatengeneza, usimpigie simu mwenyewe kwa sababu limewaka mara moja. Hata siku alipolileta liliwaka mara moja. Lirudishe kwenye hali ile ile lililokuwa linagomea. Kama lilikuwa la asubuhi, lilaze gereji uliwashe kabla hujanywa chai. Kama lilikuwa la moto, nenda nalo Mbagala, rudi nalo kwenye foleni, lizime, liache dakika 15 boneti ikiwa imefungwa, kisha geuza ufunguo.