Makohozi kwanza, mashine baadaye

Mwanangu unayeanza kazi ya maabara huku Lamu, utaambiwa mashine ya GeneXpert hutoa jibu kabla ya saa mbili kwisha: kama vijidudu vya kifua kikuu vimo, na kama vimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo. Ni kweli. Kuotesha vijidudu huchukua majuma, na kabla Shirika la Afya Duniani halijaidhinisha kipimo hiki Desemba 2010, mwenye usugu aliweza kumeza dawa zisizomfaa kwa miezi. Lakini mashine hupima ulichoitilia tu.

Nilimpokea mzee mmoja mvuvi, amekuja kwa boti kutoka Kizingitini. Nikampa chupa palepale dirishani, foleni imejaa. Akaona haya kukohoa mbele za watu, akatema mate mepesi yenye mapovu. Niliyaona, nikayapokea, maana boti ya kurudi ilikuwa yangoja. Jibu likatoka hasi. Aliporudi baada ya majuma matatu alileta makohozi mazito, ya manjano, na safari hii jibu lilikuwa kifua kikuu sugu. Siku zote hizo alilala chumba kimoja na wajukuu. Hilo halijanitoka moyoni.

Basi mtoe mgonjwa nje, penye upepo, mbali na watu. Mwamkie, mweleze taratibu: asukutue kwa maji, avute pumzi ndani kabisa mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka kifuani, si kooni. Simama kando upande unakotoka upepo. Chupa ikiwa na mate, mwombe tena kwa upole. Ikishindikana, mpe nyingine akakohoe alfajiri nyumbani; makohozi ya alfajiri ndiyo bora.

Maabarani, dawa ya kuyeyushia ni sehemu mbili kwa moja ya makohozi. Tikisa, acha dakika 10, tikisa tena, ngoja 5. Usizipunguze hata kama foleni ni ndefu, kwani makohozi yaliyobaki mabonge huikwamisha katriji, kile kikasha kinachotiwa makohozi na kuingizwa mashinani. Umeme ukikatika katikati, katriji hiyo imepotea. Hakikisha betri ya akiba inafanya kazi kabla hujaanza.

Mashine ikileta hitilafu, usiandike hasi. Hitilafu maana yake haijapima, rudia. Na katriji ya Ultra, ile ya toleo jipya zaidi, ikisema imeona vijidudu vichache mno, haiwezi kusema lolote juu ya rifampisini. Usimwambie daktari kwamba hakuna usugu. Wala usiitumie kufuatilia aliyekwisha anza dawa, kwa sababu husoma jeni za vijidudu vilivyokufa pia.

Jibu la usugu likitoka, lisilale daftarini mpaka kesho. Mpigie simu msimamizi wa kifua kikuu saa hiyo hiyo, umtafute mgonjwa kabla hajapanda boti, uchukue makohozi mengine ya kuoteshwa na kupimwa dawa nyingine. Halafu muulize, kwa heshima, ni nani wanaolala naye.